Bangili ya Shaba kwa Bei ya Dhahabu: Msanii wa Mapambo Anauza Nini?

Kwenye shughuli moja ya nyumbani kwetu, mdogo wangu alivaa bangili pana ya shaba iliyompanda mkono kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. Aliinunua Nairobi. Shangazi aliitazama mara mbili, akamwomba aivue, akaiweka kiganjani na kuipimapima kama mtu anayechagua embe.

"Hii karati ngapi, mwanangu?"

"Si dhahabu, shangazi. Ni shaba."

"Shaba ya mabomba?"

"Hiyohiyo."

Ndipo ikatajwa bei, na mkeka mzima ukanyamaza.

Mazungumzo ya aina hiyo nimeyakuta mara nyingi tangu siku ile, hasa mtandaoni. Fundi fulani anaweka picha ya hereni zake za shaba, bei chini, na maoni yanamiminika: kwa shaba? Nusu ya wachangiaji wanasema ni wizi, nusu wanasema "hiyo ni sanaa", na hakuna anayeeleza hiyo sanaa iko wapi kwenye kipande cha bati kilichopindwa. Tujaribu kulifungua fundo hili taratibu.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo vurugu inapoanzia. Neno "mapambo" siku hizi ukilitamka watu wanafikiria vitambaa na maua ya ukumbi wa harusi. Mimi nasema juu ya mapambo ya mwilini: pete, kidani, mkufu, bangili, hereni, kipini. Watu wanaoyatengeneza wapo wa aina tatu, na sisi huwa tunawaita wote kwa jina moja.

Wa kwanza ni sonara. Huyu tunamjua. Unakwenda dukani kwake, anaweka kidani kwenye mizani, anakutajia gramu, anazidisha kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo, kisha anaongeza kidogo cha ufundi. Karati ni hesabu tu ya mchanganyiko: dhahabu tupu ni karati 24, kwa hiyo dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani asilimia 75, na iliyobaki ni madini mengine yanayoipa ugumu. Ya karati 22 inakaribia asilimia 92. Ndiyo maana ile ya 22 inapinda kirahisi na ile ya 18 inastahimili.

Wa pili ni kiwanda. Zile hereni za kadi, jozi kumi na mbili kwa bei ya soda mbili, zinatoka kwenye kalibu moja iliyozalisha maelfu. Hakuna anayeuliza nani alizibuni.

Wa tatu ndiye anayetusumbua: msanii wa mapambo. Anatumia mikono na nyundo kama sonara, lakini hauzi gramu. Anabuni kama kiwanda, lakini hazalishi maelfu. Shangazi alimpima kwa mizani ya sonara, na kwa mizani ile lazima aonekane tapeli.

Kuna jaribio dogo linalowatenganisha vizuri. Yeyusha kila kitu. Kidani cha sonara ukikiyeyusha, dhahabu yako ipo palepale. Ulichopoteza ni ufundi, na aliyewahi kurudisha dhahabu dukani anajua kwamba ufundi haurudishiwi hata senti. Bangili ya msanii ukiiyeyusha unabaki na donge la shaba unaloweza kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa sonara, chuma ndicho akiba na umbo ni nyongeza. Kwa msanii, umbo ndilo kila kitu na chuma ni kama karatasi iliyoandikwa shairi. Hakuna anayenunua diwani kwa kilo.

Sawa, lakini hilo umbo linatoka wapi? Nadhani njia nzuri ya kulijibu ni kumfuata mtu mmoja tangu mwanzo. Nimemchagua Art Smith wa New York, kwa sababu alijijengea jina kwa shaba, na kwa sababu njia yake inaonekana wazi hatua kwa hatua. Huku kwetu hajulikani sana, ingawa watu aliowavisha tunawajua.

Jina kamili ni Arthur George Smith. Alizaliwa Cuba mwaka 1917, wazazi wake Wajamaika, na familia ikahamia Brooklyn mwaka 1920. Mtoto alikuwa na mkono wa kuchora. Akapata ufadhili wa kusoma Cooper Union, chuo cha sanaa na uhandisi cha New York, ambako wanafunzi weusi walikuwa wa kuhesabu. Washauri wake wakamsukumia kwenye usanifu majengo. Hoja yao ilikuwa ya kizazi kile na ya kila kizazi: kijana mweusi mwenye fani ya majengo angeweza kupata kazi serikalini, angalau hapo pana mshahara. Mzazi yeyote wa Kiafrika anaijua hotuba hiyo kwa moyo.

Hesabu zikamshinda. Akahamia sanaa za biashara na uchongaji, akamaliza mwaka 1940.

Ule uchongaji ndio wa kuangalia. Mchoraji anafikiria upande mmoja tu, ule unaotazamwa. Mchongaji analazimika kufikiria mgongo wa kitu, ubavu wake, uzito unaangukia wapi, na shimo lililo katikati linafanya kazi gani. Chukua kinyago chochote cha Kimakonde cha aina ya ujamaa, wale watu waliopandiana begani: matundu yaliyo kati ya miili ni sehemu ya kinyago, ukiyaziba kinyago kinakufa. Art Smith alikwenda kwenye mapambo na jicho la namna hiyo, na ndiyo maana hata leo kazi zake zinaonekana kama sanamu zilizopanda mwilini kuliko vito vilivyoshuka kutoka kabatini.

Lakini chuo hakikumfundisha kufua chuma. Baada ya masomo alifanya kazi ya kufundisha watoto kazi za mikono Harlem, na jioni akachukua kozi ya utengenezaji wa mapambo katika Chuo Kikuu cha New York. Shule yake ya kweli ilikuwa kwa mwanamke mmoja, Winifred Mason, mbunifu mweusi aliyekuwa na karakana na duka dogo Greenwich Village, mtaa wa New York, na aliyekuwa akifua shaba kwa namna ambayo wengi hawakuwa wameiona. Mason mwenyewe alipata ufadhili katika miaka ya 1940 wa kwenda Haiti kujifunza sanaa ya kule, na kazi zake zilibeba safari hiyo. Smith alianza kumsaidia, kisha akawa msaidizi wake wa kudumu.

Hapa imani moja inabidi tuiweke pembeni: kwamba msanii huzaliwa na kitu kizima kichwani, na ukimwona amejifunza kwa mtu basi ameiga. Mafundi wa pwani wangekucheka. Fundi seremala wa Lamu alikaa miaka na fundi wake kabla ya kuruhusiwa kugusa kizingiti cha mlango, na hakuna aliyemwita mwigaji. Mwanafunzi anachukua namna ya kushika patasi, na baada ya hapo mkono wake wenyewe unaanza kusema.

Kidogo juu ya huo mkono na chuma chenyewe. Shaba tunayoiita kwa jina moja ni vitu viwili. Ile nyekundu, ya nyaya za umeme, ni shaba yenyewe. Ile ya njano, ya mabomba na kufuli na vyetezo, ni shaba iliyochanganywa na zinki. Zote mbili zina tabia moja ya ajabu: ukizigonga zinakuwa ngumu. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mara kadhaa. Utasikia unakakamaa, kisha unakatika. Fundi anagonga mpaka chuma kianze kugoma, anakitia moto kilainike, anagonga tena. Anajua pia aache lini, kwa sababu ule ugumu wa mwisho ndio unaoifanya bangili iwe na mruko: unaifungua kidogo, unaingiza mkono, inarudi yenyewe na kushika. Iliyomwagwa kwenye kalibu bila kufuliwa haina mruko huo. Itakaa ulivyoipinda, kama kijiko.

Kwa nini basi shaba na si dhahabu? Watu hudhani msanii anatumia shaba kwa sababu ya falsafa fulani. Falsafa ipo, lakini kabla yake kuna mfuko. Kijana asiye na mtaji akitaka kutengeneza bangili inayofunika nusu ya mkono kwa dhahabu, kwanza atafute benki. Kwa shaba anaweza kuijaribu leo, akaiharibu, kesho akaijaribu nyingine. Bei ndogo ya chuma ilimpa Smith ruhusa ya kuwa mkubwa: maumbo mapana, mikunjo mirefu, vipande vinavyopandana. Moja ya kazi zake za mwanzo inayojulikana sana, bangili aliyoiita "Lava", aliyoibuni mnamo 1946, inalala juu ya mkono kwa tabaka zinazopindana kama uji mzito wa moto unaoshuka mlimani. Dhahabu ingemfunga kwenye kidani chembamba chenye jiwe moja katikati.

Mwaka huohuo wa 1946 akafungua duka lake, mtaa wa Cornelia, Greenwich Village. Wengi humfikiria msanii kama mtu aliyejifungia chumbani akingoja jua la ubunifu lichomoze. Smith alikuwa mwenye duka. Na mwenye duka mweusi katika mtaa ule hakukaribishwa: alisumbuliwa, madirisha yakavunjwa. Akahama mitaa michache tu, hadi nambari 140 West Fourth Street, karibu na uwanja wa Washington Square. Hapo alikaa mpaka mwaka 1979. Mbele duka, nyuma nyundo. Mteja anaingia, fundi anamtazama shingo yake ilivyo ndefu au fupi, na mazungumzo yanaanzia hapo.

Kijiji hicho cha mjini, kama jina lake linavyosema, kilikuwa kimejaa watu wa aina yake. Sam Kramer alikuwa na duka lake tangu 1939, akitengeneza mapambo ya ajabu yenye macho ya kioo yale yanayowekwa kwenye wanyama waliokaushwa. Mbali na hapo, katika chuo cha Black Mountain huko North Carolina, msanii Anni Albers na mwenzake Alex Reed walikuwa wameshatengeneza vidani kwa vitu vya duka la vifaa vya ujenzi, kimojawapo kikiwa kichujio cha sinki kilichoning'inizwa kwa vibanio vya karatasi. Wazo lilianzia Mexico, walikoona hazina ya makaburi ya Monte Albán na kustaajabu jinsi wazee wa kale walivyochanganya lulu na kome za kawaida bila kuona haya. Kwa maneno mengine, swali la shangazi lilishaulizwa Marekani zaidi ya miaka themanini iliyopita, na watu walilijibu kwa sinki.

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda zaidi. Kama ingekuwa lazima nitaje kitu kimoja kilichomfanya Art Smith awe Art Smith, nisingetaja chuo wala shaba. Ningetaja ngoma.

Rafiki yake Talley Beatty, mcheza dansi na mtunzi wa dansi za jukwaani, alimwingiza kwenye baraza la nyumbani kwa Frank na Dorcas Neal, ambako wasanii weusi wa New York walikutana. Hapo alikutana na mwandishi James Baldwin, waimbaji Lena Horne na Harry Belafonte, na mtunzi wa muziki Billy Strayhorn. Kupitia kwa Beatty akaanza kutengeneza mapambo ya vikundi vya dansi: cha Beatty mwenyewe, cha Claude Marchant, na cha Pearl Primus, mama yule aliyesafiri Afrika kuanzia 1948 akijifunza ngoma za kienyeji hadi Kongo, na aliyekuja kuzipandisha hatua za ngoma ya Kinyarwanda kwenye majukwaa ya Marekani.

Fikiria kazi hiyo inadai nini. Mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa haoni kipini. Kwa hiyo pambo linakua. Likikua linakuwa zito, na mchezaji hawezi kuruka na chungu shingoni, kwa hiyo inabidi liwe tupu katikati, hewa ichukue nafasi ya chuma. Mchezaji anazunguka, kwa hiyo pambo lionekane vizuri kwa nyuma na ubavuni, si mbele tu. Anatoka jasho. Anamkumbatia mwenzake. Likimchoma, onyesho limeharibika. Kila sharti la jukwaani lilikuwa mwalimu, na Smith alipotoka hapo na kurudi kwenye meza yake ya West Fourth Street kumtengenezea karani wa ofisi hereni za kawaida, masomo yale alirudi nayo.

Sisi hatuhitaji kwenda New York kulielewa jambo hili. Tazama njuga. Ukiziweka mezani ni kengele za chuma zilizofungwa kamba. Zifunge mguuni mwa mtu anayejua kucheza, zinakuwa sauti, na umbo lake la kweli ni mguu ukipiga chini. Tazama mikufu ya bapa ya shanga ya wanawake wa Kimasai na Kisamburu, inavyopanda na kushuka mabegani wakati wa kuimba. Aliyeipanga alijua itaruka. Au chukua kanga, iliyo karibu zaidi. Ikiwa imekunjwa dukani unaona pindo, mji na jina. Lakini anayeijua kanga anajua kwamba ikijifungwa kiunoni lile jina litakaa nyuma, mahali ambapo jirani anayekusudiwa atalisoma ukishampita. Kanga haijakamilika mpaka iwe mwilini, na pengine mpaka huyo jirani awepo.

Art Smith alilisema hilo mwaka 1969, wakati jumba la makumbusho la sanaa za mikono la New York lilipomfanyia maonyesho yake peke yake. Alieleza kwamba pambo ni kitu kisichokamilika chenyewe. Ni kitendawili mpaka likutane na mwili. Mwili kwake ulikuwa malighafi kama ulivyo mstari, umbo au rangi, sawa na hewa inayopita katikati ya waya. Ukilishika hilo, bei ya bangili ya mdogo wangu inaanza kueleweka. Alichonunua ni jibu la swali: mkono huu, ukiinuka na kushuka, ukishika kikombe, mstari upite wapi? Shaba ni wino tu.

Tuje kwenye neno "athari", ambalo nalo limepindishwa. Mtandaoni ukisema msanii ameathiriwa na fulani, watu wanasikia "amemwibia". Wengine, kinyume chake, hawataki kusikia kwamba mtu wao aliathiriwa na yeyote. Nawakumbusha taarabu. Ganuni, udi na mtindo wa kukaa kundi zima jukwaani vilitoka Misri na kuja Zanzibar. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianza 1905 ikiimba Kiarabu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili, alibeba vyombo vilevile, lakini maneno, mafumbo na vichekesho vilikuwa vya Ng'ambo, ule mtaa wa mjini Unguja. Nani aliibiwa hapo?

Kwa Art Smith, jina linalotajwa sana ni Alexander Calder, mchongaji wa Marekani aliyebuni sanamu zinazoning'inia na kuyumba kwa upepo, na ambaye mwenyewe alitengeneza mapambo yapatayo 1,800 kwa kufua na kukunja waya wa shaba na fedha. Kidani cha Smith kiitwacho "Patina", alichokibuni mnamo 1959, kina vipande vinavyoning'inia na kuyumba, na jicho lolote lililowahi kuona sanamu za Calder litaunganisha. Tofauti iko mahali palepale tulipotoka. Sanamu ya Calder inangoja upepo darini. Kidani cha Smith kinangoja mwanamke ageuze shingo. Amechukua wazo la mwenzake akalipa mwili, na huo mwili hakuuchukua kwa Calder, aliuchukua kwa wacheza dansi. Athari mbili zikakutana kwa mtu mmoja, kikatoka kitu ambacho hakuna kati ya hao wawili angekitoa.

Vivyo hivyo na Afrika. Ni rahisi kusema maumbo yake makubwa "yalitoka kwenye damu". Msemo huo ni mtamu lakini unamdhulumu fundi. Damu haifundishi kufua. Smith aliangalia: sanaa za Afrika, michoro ya wale wasanii wa Ulaya wa wakati wake waliochora mambo kama ya ndotoni, na yale maumbo yao yenye mviringo kama figo na majani, na kazi za Mason zilizobeba Haiti. Macho yalifanya kazi, na mtu anastahili kusifiwa kwa kazi aliyoifanya.

Na muziki. Smith alikuwa mpenzi wa jazi, na alimtengenezea Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazi, vifungo vya mikono ya shati vyenye noti za mwanzo za wimbo wake "Mood Indigo". Mnamo 1962 akabuni kidani cha fedha na mawe ya rangi, yakiwemo feruzi na amethisto, akakipa jina la Ellington. Tawi moja la chama cha haki za watu weusi, NAACP, la mji wa Peekskill, lilimwagiza bruchi, pambo la kubana nguoni, ya kumpa Eleanor Roosevelt, mjane wa rais. Miaka ya mwanzo ya 1950 kazi zake zilikuwa zimeshaingia kwenye kurasa za majarida ya mitindo ya Vogue na Harper's Bazaar, na maduka ya mbali kama Dallas na Houston yalikuwa yakiziuza. Kadiri wateja walivyoongezeka uwezo, fedha ikaingia zaidi kwenye kazi zake. Shaba hakuiacha.

Utaona nasema "alibuni mnamo" mwaka fulani. Sababu ni kwamba Smith alirudia miundo yake. Muundo mmoja aliweza kuufua tena baada ya miaka, kwa shaba au kwa fedha, mteja alipoutaka. Wapo wanaodhani hilo linaishusha kazi, kwamba sanaa ya kweli lazima iwe moja tu duniani. Ni sawa na kusema mwimbaji akirudia wimbo wake wiki ijayo, wa leo si wimbo. Kila bangili ilifuliwa upya kwa mkono, na mkono haurudii sawasawa hata ukitaka.

Bado kuna suala la kijani. Hili lazima nilimalize, kwa sababu ndilo neno la mwisho la kila mbishi: "mbona inaniachia rangi ya kijani mkononi? Ni feki." Hapana. Kijani kile ni shaba halisi ikifanya kazi yake. Jasho lina chumvi na asidi kidogo, vikikutana na shaba na hewa vinazaa chumvi za shaba, na rangi yake ni ya kijani. Haidhuru watu wengi, inatoka kwa sabuni. Ukitaka kuizuia, vua bangili unapofanya kazi, ikaushe, au mwombe fundi aipake vanishi kwa ndani. Ikififia, ndimu na chumvi au ukwaju, kama bibi alivyosugua chetezo. Ila kama ina feruzi usithubutu kuigusisha ndimu, jiwe litaharibika.

Na sitaki kuwapaka wauzaji wote mafuta. Si kila shaba ghali ni sanaa. Kuna watu wanachukua vipande vya kalibu, wanavibandika hadithi ndefu ya asili na urithi, na kupandisha bei. Mimi nina vipimo vyangu viwili vitatu. Geuza kitu nyuma: fundi anayejali amemaliza upande usioonekana. Pitisha kidole kwenye kingo. Kisha ivae na utembee nayo dukani, inua mkono, chana nywele. Kama unaisahau mpaka upite kwenye kioo, kuna mtu aliufikiria mwili wako. Kama inakupiga mfupa kila ukipiga hatua, ulichonunua ni chuma.

Kuhusu ile "shaba ya mabomba", nilikuja kuuliza. Mafundi wengi wa Kibera wanayeyusha kufuli na mabomba ya zamani ya shaba, wanamwaga kwenye kalibu, kisha wanakata na kung'arisha kwa mkono. Kwa hiyo shangazi alikuwa sahihi kabisa. Alikosea mizani tu.

Art Smith alifunga duka mwaka 1979, maradhi ya moyo yakiwa yamemchosha, akafariki 1982. Mwenzi na mrithi wake aliwapa Brooklyn Museum vipande 21, na mwaka 2008 vikawekwa kwenye maonyesho pamoja na zana zake na kibao cha duka la West Fourth Street. Waandaaji walikutana na tatizo lilelile alilolitaja mwenye kazi: kidani kikiwa ndani ya kabati la kioo hakina shingo. Wakaweka na picha za zamani, za wanawake wakiwa wamevivaa.